Mwaka wa Kanda Isiyopumua

Ninyi vijana mtakaosoma haya, anzeni kwa kulaza simu zenu kifudifudi. Nawajua. Mnasikiliza wimbo nusu dakika, mnarukia mwingine, huo nao mnauacha katikati. Leo sitawagombeza, nimeshawagombeza vya kutosha. Nataka kuwaeleza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka niliofanya kazi Tunduma kwenye chumba cha kurekodi kanda. Habari za wazazi wangu na ukoo nazipita. Anayezitaka aende Igamba akaulize, wapo wa kumwambia mpaka achoke. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, ikalisheni vizuri wenyewe mwendelee.

Kilichonikalisha niandike ni mgeni. Mwezi uliopita alikuja mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kajifunga kitambaa cheusi kichwani, akapiga magoti mlangoni kwangu kama wanavyosalimia wao. Akaniita Mayo, kwao ni mama, akasema, "Mayo, mimi ni mtoto wa Bwalya. Baba tulimzika wiki tatu zilizopita." Nikamshika mkono, nikamkalisha, nikamwambia ale kwanza ndipo aseme. Alikula ugali wake wote kwa adabu, kisha akatoa kwenye mkoba soksi ya mtoto mchanga, ya sufu, imepauka. Ndani ya soksi mlikuwa na kanda. "Baba alisema mwandiko huu ni wa mtu wa Tunduma anayeitwa Sabina. Nimeuliza nyumba tano." Nilivaa miwani. Herufi zilikuwa zangu, zile zinazopanda kilima badala ya kwenda sawa. Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nikichambua mboga.

Sasa rudini nami. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kilipita mpakani, vitenge, sabuni, baiskeli, redio za kaseti, na malori yalilala foleni siku mbili, tatu. Madereva hao ndio waliokuwa wateja wetu. Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda na nusu. Kanda zilipangwa ukutani kama matofali, mezani palikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa nyaya, na daftari la nyimbo limefungwa kwa kamba lisiibwe. Mwenye chumba alikuwa Haji, mtu wa kuja, wa Kondoa, mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Upande wa pili wa ukuta ilikuwepo mashine yake ya kusaga. Vumbi la unga lilipenya kwenye nyufa, ikifika saa kumi nywele zangu zimekuwa nyeupe kama zilivyo leo. Na kila mashine ilipowashwa taa yetu ilififia, deki zikaburuza miguu na waimbaji wote wakawa kama wana homa. Nangoja inyamaze, naanza upya.

Haji alinipa sheria siku ya kwanza, hata kabla sijaonyeshwa choo. "Binti, wimbo na wimbo lazima upumue." Maana yake wimbo ukiisha, unahesabu tano za ukimya, ndipo unaofuata uanze. Wateja walihesabu nyimbo zao kwa ukimya huo. Nyimbo mbili zikigusana, mtu anarudi na kanda yake juu juu, anasema mashine yenu inameza. Basi nikaishika sheria ile kama amri ya kanisani. Nilihesabu kwa kidole mezani, na sikuwahi kuhesabu nne wala sita. Nilikuwa mtu wa namna hiyo tangu zamani, mnaniona. Nikishaambiwa kitu ndio kimekuwa hivyo.

Bwalya aliingia kwenye chumba hicho siku ya Jumatatu, kiangazi, upepo wa Tunduma unachuna ngozi. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nilikuwa namfahamu kwa macho tu, alipanga chumba nyuma ya mashine. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja fundi wa maji kule Isongole. Kazi ilipoisha mzungu akaenda kwao, akamwachia santuri kumi na moja na sahani mbili za kuzichezea. Santuri zenyewe hazikuwa na jina. Katikati karatasi nyeupe, tupu, kama sanda. Na hakuna mtu aliyeimba ndani yake. Ni ngoma moja inakwenda, du, du, du, na juu yake kitu kidogo kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, basi. Bwalya alikaa nazo karibu mwaka mzima, anajifunza kuziunga moja iingie ndani ya nyingine pasipo mtu kujua imeingia saa ngapi. Kisha akaazima deki ya ukumbi mmoja wa pombe, akarekodi kanda ya saa moja, zote kumi na moja mfululizo.

"Nkashi, nitolee nakala mbili," aliniambia. Nkashi kwao ni dada. "Jumamosi asubuhi gari linaondoka kwenda Mbeya. Kuna mtu anafungua ukumbi mkubwa, anataka dijei. Akiipenda kanda hii, kazi ni yangu. Asipoipenda narudi kusukuma magunia mpakani, na mke wangu tumbo liko hapa." Akaonyesha kwa mkono. Nikamwambia aje Jumatano.

Sikilizeni nilichofanya, na msicheke mapema. Nilipoicheza kanda ile nikashtuka. Hakuna anayeimba. Hakuna ukimya hata mmoja. Nyimbo zimepandiana kama mbuzi kwenye gari. Nikasema moyoni, masikini, deki ya ulevini imemharibia kazi, na yeye mgeni hajui. Nikamhurumia kabisa. Vijino vya nyuma ya kanda alikuwa ameshavivunja, ile dalili kwamba kanda isirekodiwe tena juu yake. Hilo halikunizuia. Sisi wa kazi ile tulikuwa tunaziba matundu kwa karatasi na gundi, kanda inakuwa kama mpya. Nikaziba. Nikasikiliza kwa makini pale ngoma inapobadilika, nikibonyeza kitufe chekundu bila kuunganisha waya wowote, ili kanda irekodi ukimya mtupu, nikihesabu tano, nikiachia. Mahali kumi. Nilitumia siku nzima, na wateja wengine niliwafukuza. Kila nilipomaliza mahali pamoja nilisikia raha, kama mtu aliyetenganisha watoto wanaopigana. Na kumbe nilichokuwa nafuta ni zile sehemu za kuungana, kile kitu chenyewe alichokitolea jasho mwaka mzima.

Alikuja Jumatano. Nikampa kanda na kichwa nimekiinua, nangoja anishukuru. Akaicheza palepale. Ukimya wa kwanza ulipofika alitazama deki. Wa pili, akatazama dari. Wa tatu akaniuliza, taratibu kabisa, "Nkashi, nani amekufa humu?"

"Hajafa mtu," nikamjibu. "Nimekutengenezea. Zilikuwa zimegandana."

Hakupiga kelele. Akakaa juu ya gunia la pumba pale mlangoni, shati lake lile likaingia vumbi lote, akasema, "Awe, nkashi. Awe." Awe ni hapana. Alisema hapana mara nyingi sana, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Kisha akaeleza. Nakala nyingine hana. Ile deki ya ukumbi mwenyewe ameichukua, amekwenda nayo Sumbawanga. Mimi ni mkali, lakini siku ile niliona ukali wangu hauna pa kusimama.

Mchana nilikula kwa Bi Mwantumu, mke wa Haji, kama siku zote. Chumba chake cha kulia kilikuwa na mkeka mwekundu, picha ya msikiti, na pazia la maua lililotutenga na uani. Nilikuwa na sahani ya maharage mbele yangu na sijaigusa. Nyuma ya pazia Haji alikuwa ananawa, nikamsikia anamwambia mkewe, "Huyu binti nimrudishe kwao?" Maji yakamwagika kidogo. Bi Mwantumu akajibu, "Ukimrudisha, kanda utarekodi wewe, na macho hayo? Halafu nani alimfundisha kwamba wimbo lazima upumue? Yeye kakutii tu. Hata mimi ningekutii hivyo, tungekuwa tumeshateketeza nyumba." Haji akasema, "Basi hiyo kanda tumeiharibu watu wawili." Nawaambia ukweli, nimesikia hotuba nyingi maishani, za makanisani na za viwanjani, na sijasikia neno lililoniweka wima kama lile. Mtu mzima, tajiri wa mashine, ameuchukua mzigo wangu nusu akabeba, na wala hakujua kama namsikia. Nikala maharage yangu.

Jioni nikaenda chumbani kwa Bwalya kuomba radhi. Kilikuwa chumba cha mwanamume mmoja, kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, sufuria ya dagaa iliyoachwa nusu. Kitu cha maana kilikuwa zile sahani mbili juu ya makreti, zimefunikwa kanga kama maiti wa heshima. Alikuwa anajaribu tena. Alikuwa na ile mashine ya masikioni, sikio moja limekufa. Santuri moja ikizunguka anaitegea ya pili, anaiachia, na zikikutana nasikia ko-ko, ko-ko, vitu vinagongana. Anatoa, anaweka tena. Sindano yenyewe ilikuwa imeisha. Alisema itafika Jumamosi ikimhurumia.

Nikasimama mlangoni nikisikiliza ile ko-ko mpaka nikashindwa kunyamaza. "Shemeji, unatwanga vibaya."

Akageuka. "Natwanga?"

"Kwetu wanawake wawili, watatu, wanatwanga kinu kimoja. Anayeingia haanzi kwa kupiga. Anainua mchi wake mtupu, anaushusha hewani, mara tatu, mara nne, mpaka mkono umeshika mwendo wa wenzake. Ndipo anagusa. Tena anagusa kidogo. Wewe unaingia kama umetumwa na polisi."

Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, meno yote nje. "Na anayetoka?"

"Anayetoka haachi ghafla. Anapunguza nguvu polepole, lakini mwendo uleule, uleule, mpaka mchi wake hausikiki. Hata mwenye kinu akija hajui nani katoka."

Akaniambia nimwonyeshe. Nikakaa kwenye kreti, nikampigia bega kwa kiganja, du, du, du, naye akaiacha santuri ya pili izunguke bila sauti, anaisikiliza kwa sikio lile moja zima, muda mrefu kuliko alivyozoea, mpaka nikamwambia, "Sasa gusa." Akaipandisha sauti kidogo kidogo. Hapakuwa na ko-ko. Kwa mara ya kwanza nikausikia ule muziki ulivyo. Siwezi kuueleza kisomi. Ni kama kuona asubuhi inaingia ndani ya nyumba, huoni hatua yake, ila unagundua tu kwamba vyombo vyote sasa unaviona. Sijidanganyi kwamba nilimfundisha kazi yake. Kazi aliijua. Alikuwa amepoteza subira kwa hofu, na hofu hiyo mimi ndiye niliyempa, basi ilikuwa juu yangu kuiondoa.

Deki ya kurekodia ilikuwa moja tu, ya Haji, na mashine ya kusaga iko nyuma ya ukuta. Mchana inapiga kazi, santuri zitaburuza. Jioni mji mzima unawasha taa, umeme unakuwa uji. Haji mwenyewe ndiye aliyetamka, akiwa anafunga kilemba wala hatutazami. "Ijumaa nafunga kwa swala. Nikitoka hapa mpaka kurudi ni saa moja na robo. Hakuna atakayewasha kitu." Kanda ilikuwa ya saa moja.

Ijumaa adhana ilipolia mashine ikanyamaza, vumbi likaanza kushuka, na zile sahani za Bwalya tulikuwa tumeshazileta kwenye chumba cha kanda. Tukaanza. Wimbo wa pili haujafika, lori likapita barabarani, meza ikatikisika, sindano ikaruka. Bwalya akafumba macho. Nikatoka nje nikaburuza magunia mawili ya pumba, tukaziweka sahani juu yake. Lori jingine likapita na sindano haikusikia habari zake. Lakini tulikuwa tumeshapoteza karibu nusu saa, na tukaanza upya kanda kutoka mwanzo. Nilikaa nyuma yake, kiganja kwenye bega lake, nampigia mwendo. Upande wa kwanza ukaisha, nikaugeuza, mikono yangu mikavu kama kuni.

Tuko katikati ya upande wa pili, imebaki kama robo saa, nikasikia ndara za Haji nje, na sauti za wanawake waliopanga ndoo za mahindi tangu saa sita. Nikaliacha bega la Bwalya, akaendelea mwenyewe, nikachungulia mlangoni. Haji alikuwa tayari ameshika mkono wa swichi. Akaniona. Sikuthubutu kusema, nilitikisa kichwa tu. Alinitazama hivi, akauachia mkono, akaenda kwenye ndoo ya kwanza, akachota punje, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Haya mabichi," akasema.

"Mabichi wapi, Haji! Yamekaa darini tangu mwezi wa sita!"

Akaenda ya pili. Akatafuna. Akatema. Akatafakari. "Haya yana vumbi la chokaa. Yapepete." Ya tatu akazichagua punje nne, akazitafuna moja moja, na mzee yule hakuwa na magego.

Mama mmoja mnene, mkulima wa Mbangala aliyekuja kwa dada yake, akashika kiuno. "Jamani, leo msikitini hawakuwalisha? Haji amekuwa panya, atatumalizia mahindi tusage makapi!" Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mwache ale, mama, labda Bi Mwantumu kafunga jiko." Haji hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda ndoo kwa ndoo, kumi na nane, anatafuna na kutoa hukumu kama hakimu, na mimi nimesimama mlangoni, sikio moja kwake na jingine kwa Bwalya, nasikia ngoma ya mwisho inapunguza nguvu, mwendo uleule, uleule, mpaka mchi haukusikika. Deki ikakata yenyewe, ka. Nikainua mkono. Haji akatema punje, akasema, "Yote mazuri. Leteni," na mashine ikanguruma.

Sheria ya chumba chetu ilikuwa kanda haitoki na karatasi tupu. Nikamuuliza Bwalya niandike nini, santuri hazina majina. "Zipe wewe," akasema, "umeshaziua na kuzifufua." Nikaandika kwa kalamu ya wino, polepole, Cherehani ya Jirani, Lori la Foleni, Kuku Kwenye Kokoto, Bati Likipoa, na nyingine, mpaka ya kumi na moja, nikaiita Kinu cha Igamba. Akazisoma zote kwa sauti. Kisha akaninunulia soda, tukainywa wawili tumesimama. Kanda ikapanda gari Jumamosi.

Kazi aliipata. Alikaa Mbeya miaka mingi, mtoto alizaliwa, na siku moja gari likaniletea boksi lenye deki mbili ndani na barua ya mstari mmoja, "Nkashi, fungua chumba chako." Nikafungua. Kwa chumba hicho nimelea watoto wanne, nimejenga hapa tunapokaa, nimemzika mume kwa heshima. Haji na Bi Mwantumu walisharudi kwao Kondoa, na huko ndiko walikolala. Nikijiuliza nani alinifanya mtu, siwapati watu wa maana wenye majina makubwa. Nampata dereva asiye na kazi aliyekubali kujifunza kwa aliyemharibia, mwanamke aliyenitetea nyuma ya pazia, na mzee asiye na magego anayetafuna mahindi makavu. Sikuwashukuru kwa mdomo hata mmoja, nilidhani nikifanya kazi vizuri inatosha. Haikutosha. Ninyi msifanye hivyo.

Binti wa Bwalya aliniachia kanda. Alisema soksi ni yake ya utotoni, baba yake hakutaka kuihifadhi kwenye kitu kingine. Jioni ile nikatoa redio yangu ya zamani, nikafuta vumbi, nikawakalisha wote sebuleni, watoto na wajukuu. Du, du, du, na mchanga kwenye bati. Dakika ya nne simu ya mmoja wenu ikaita, akanyoosha mkono kusimamisha kanda ili azungumze. Nilimpiga mkono huo, na sijutii. Ndipo nikatoa amri, na naiandika hapa ili asije mtu akasema hakuisikia. Kanda hii ikiwekwa, haisimamishwi. Simu iite, mgeni abishe hodi, maziwa yafurike jikoni, mtu asiguse kitufe mpaka upande uishe wenyewe. Ukiisha, geuzeni.